Dirisha, Ndoo za Maji na Vipindi Viwili Mfululizo: Barua ya Wazi kuhusu Uchoraji na Upigaji Picha Sekondari

Kwa:
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia; Ofisi ya Rais – TAMISEMI; Taasisi ya Elimu Tanzania; Baraza la Mitihani la Tanzania; maofisa elimu wa mikoa na wilaya; na wakuu wa shule za sekondari.

Waheshimiwa,

YAH: KUFUNDISHA UCHORAJI NA UPIGAJI PICHA KWA VITENDO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeigawa sekondari katika mikondo miwili, elimu ya jumla na elimu ya amali (ya ujuzi wa kazi), na sanaa imepata nafasi ambayo miaka mingi ilikuwa ikiiomba. Kwenye karatasi mlango uko wazi. Lakini ukiuliza kwa nini shule fulani haijaanzisha somo, jibu ni lile lile: hatuna studio, hatuna kamera, hatuna kompyuta. Ni kweli hazina. Ila jibu hilo linaanzia mwisho wa safari. Somo hili huwa limeshadhoofika kabla halijafika kwenye kamera. Linadhoofishwa na kipindi cha dakika 40, penseli ya HB peke yake, bomba la maji lililo ng'ambo ya uwanja, na upimaji unaotazama picha ya mwisho bila kuuliza imetoka wapi. Mambo haya hayahitaji mradi mkubwa. Mengi yanamalizwa kwa waraka, mengine kwa ununuzi ambao mhasibu wa shule anaweza kuufanya kwa mchana mmoja.

Tuanze na muda, maana ndio wa bei rahisi kuliko vyote.

Katika kipindi cha dakika 40 wanafunzi 40 hutumia dakika 5 kuhama na kukaa, 5 kugawa mbao, karatasi na maji, 3 za maelekezo, na mwishoni 10 za kuosha brashi, kufuta meza na kuanika kazi. Zinabaki 17. Rangi ya maji hutaka tabaka la kwanza likauke ndipo la pili lipakwe, na kukauka huko ni dakika 10 hivi siku ya jua, siku ya mvua mara mbili yake. Mwanafunzi asiyekuwa na muda hupaka juu ya ubichi, rangi zinaingiliana, zinageuka tope, kisha anaambiwa hana usafi. Hana muda, usafi anao. Sasa unganisheni vipindi viwili viwe dakika 80: zile 23 za maandalizi na usafi hazibadiliki, zinabaki 57 za kuchora. Vikitengana vinatoa 34, vikiungana 57, na hakuna kipindi hata kimoja kilichoporwa hisabati. Vipindi viwili vilivyotawanywa Jumatatu na Alhamisi ni vile vile viwili, vimewekwa pamoja tu.

Pili, penseli. HB ni penseli ya kuandikia. Haina weusi wa kutosha, kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kivuli kizito hukandamiza. Karatasi inang'aa kama imepakwa nta, inachimbika, na ufutio hauwezi tena kuirudisha. Darasa la wanafunzi 40 linahitaji kwa muhula penseli 40 za 2B, 40 za 4B, na 20 za 6B za kutumia wawili wawili. HB wanazo tayari. Zichongwe kwa wembe au kisu kidogo chini ya usimamizi, risasi itokeze kama sentimita moja, kwa sababu kichongeo cha kawaida huvunja risasi laini ya 6B. Na zisidondoshwe! Penseli iliyoanguka sakafuni huvunjika ndani kwa ndani. Kila ukichonga kinatoka kipande, na watu husema penseli za duka lile ni feki.

Karatasi ya rimu ya gramu 80 inatosha kwa penseli na makaa. Ukiiloweshea rangi ya maji inajikunja kama kisamvu kilichokauka, rangi inatuama mabondeni, na mchoro hauokoleki. Kwa rangi iwe gramu 150 au zaidi, saizi ya A3. Ikikosekana, manila nyeupe inafaa: karatasi moja hukatwa vipande vinne vya kutosha zoezi. Ibanwe pande zote nne kwa selotepu ya karatasi kabla ya kupakwa, na isibanduliwe mpaka ikauke kabisa.

Mbao za kuchorea zisiagizwe kutoka mbali. Shiti moja ya hadibodi ya futi 4 kwa 8, ukiikata vipande vya sentimita 60 kwa 40, hutoa mbao 12. Shiti nne zinatoa 48: darasa zima limepata, na nane ni za akiba. Fundi seremala wa mtaani apige msasa kingo ili zisichane sare. Vibanio vya nguo, viwili kwa kila ubao, vinashika karatasi vizuri tu.

Makaa ya kuchorea yatengenezwe shuleni. Vijiti vikavu vya mti laini, unene wa kidole kidogo, vimenywe maganda, vipangwe wima katika kopo la maziwa la bati mpaka libane, mfuniko utobolewe tundu moja kwa msumari. Kopo liwekwe kwenye jiko la mkaa. Moshi utatoka tunduni kwa muda wa dakika 40 hadi saa nzima. Ukikata, ondoa kopo uliache lipoe lenyewe. Kosa la kila mwaka ni kufungua kopo likiwa la moto ili kuona. Hewa ikiingia, vijiti vinashika moto na unabaki na majivu.

Tunaomba msomaji wa ofisini asituone wadogo kwa kuhesabu penseli na vibanio. Tumeona orodha za mahitaji zinazoanza na kompyuta za mezani na kuishia na kompyuta za mezani.

Sasa jambo lililo katikati ya somo lenyewe. Kuchora shuleni, mahali pengi, ni kunakili kile mwalimu alichochora ubaoni, au picha ya kwenye kitabu. Mwanafunzi anayenakili mchoro anajifunza maamuzi ya mtu mwingine, hajaamua chochote. Wekeni mezani sufuria, nazi na kipande cha khanga. Funikeni madirisha ya upande mmoja ili mwanga uje kutoka upande mmoja tu, vinginevyo kila kitu kitakuwa na vivuli vitatu vinavyogombana. Na kwa wanafunzi 40 isiwe meza moja: ziwe nne, kila moja na watu kumi waliokaa nusu duara, maana wa safu ya nyuma hachori anachokiona, anachora mgongo wa mwenzake kwa kukisia.

Tazameni sufuria hiyo. Wanafunzi karibu wote wa kidato cha kwanza wataichora hivi: mdomo wenye pembe mbili kali kama jicho la samaki, na kitako cha mstari ulionyooka. Si uzembe. Wanajua sufuria imekaa wima mezani na meza ni bapa, hivyo mkono unafuata wanachojua. Jicho linasema tofauti. Mdomo ni duara lililobinywa lisilo na pembe popote, na kitako nacho ni duara lililobinywa, tena limefunguka zaidi kuliko la mdomo, kwa sababu kiko chini zaidi ya usawa wa jicho. Dawa yake ni dakika tano: mwanafunzi ainue sahani mpaka usawa wa macho, aione ikiwa mstari, kisha aishushe polepole mpaka magotini aone inavyofunguka. Baada ya hapo chora sufuria tena. Kupima ukubwa wa kitu kwa penseli iliyoinuliwa mbele ya jicho nako kuna sharti moja, kiwiko kinyooke. Kikikunjwa, penseli inasogea karibu na jicho na kila kipimo kinakuwa cha dunia yake.

Rangi. Boksi dogo la rangi za maji la dukani huisha nyeupe na nyekundu ndani ya wiki tatu, zambarau na waridi zinabaki mpaka kidato cha nne. Nunueni rangi za bango kwa chupa, tano tu: nyekundu, njano, buluu, nyeupe, nyeusi, nyeupe iwe mara mbili ya nyingine. Vilivyobaki vichanganywe, na kuchanganya ndilo somo lenyewe. Pale fedha isipopatikana, udongo upo. Chukua udongo mwekundu, uloweke kwenye ndoo, koroga, subiri dakika moja mchanga utuame, mimina maji yenye rangi kwenye ndoo ya pili, yaache yalale. Asubuhi mwaga maji ya juu kwa uangalifu, anika tope laini lililobaki, saga. Changanya na gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji mara mbili yake. Gundi ikipungua, picha inachafua mikono kama chaki. Ikizidi, inang'aa na kupasuka. Masizi hutoa nyeusi nzuri, lakini hayakubali maji, yanaelea juu kama mafuta. Tone moja la sabuni ya maji linamaliza ubishi. Chokaa mbichi isitumike kama nyeupe hata kidogo, inaunguza ngozi na macho. Saga chaki.

Ndoo ziwe tatu kwa kila meza nne: ya kusuuza kwanza, ya kusuuza pili, na ya maji safi. Brashi zilazwe, zisisimamishwe kichwa chini kwenye kopo. Nywele zinapinda na maji yanalegeza gundi iliyo ndani ya bati linalozishika. Na kuwe na waya wa kuanikia, kamba mbili kutoka ukuta hadi ukuta. Shule nyingi hufikiria kila kitu ila mahali pa kazi mbichi 40 kukaukia.

Tukija kwenye upigaji picha, ombi letu la kwanza litawashangaza: msinunue kamera kwanza. Nunueni nailoni nyeusi ya ujenzi.

Funika madirisha yote ya chumba kimoja kinachotazama uwanja wenye jua. Acha tundu moja la upana wa sentimita moja na nusu. Wanafunzi wakae gizani dakika tano hadi kumi macho yazoee, na shuka jeupe litandazwe mkabala na tundu. Uwanja mzima utatokea pale, bendera, miti, mtu anayepita, vyote kichwa chini na kushoto kumekuwa kulia. Sasa bandika kadi yenye tundu la milimita tano juu ya lile la kwanza. Picha inakuwa kali zaidi, na giza zaidi. Ondoa kadi, weka badala yake kioo cha miwani ya kusomea ya +1.00, na usogeze manila nyeupe mbele ya kioo hicho. Kwenye umbali wa mita moja hivi kutoka kwenye kioo, majani ya mti yataonekana moja moja; sogea sentimita kumi mbele au nyuma na yanapotea. Kwa kioo cha +2.00 umbali ni nusu mita. Mwanafunzi aliyelishika karatasi lile kwa mikono yake ameelewa tundu, lenzi na fokasi kabla hajaona kamera, na mwalimu wa fizikia anaweza kukitumia chumba hicho hicho siku inayofuata.

Kisha picha inayobaki. Hii nayo inapatikana sokoni. Vijiko viwili vya chakula vya bizari ya manjano katika mililita 100 za spiriti ya duka la dawa, ikorogwe, ichujwe kwa kitambaa. Jiko lisiwe karibu, spiriti inashika moto. Paka kwenye karatasi mara mbili, kausha gizani. Laza juu yake jani, kandamiza kwa kioo, toa juani kwa saa moja hadi tatu. Jua linafifisha manjano pale linapofika; chini ya jani yanabaki. Ukitoa jani utaona sura hafifu, unaweza kudhani zoezi limeshindikana. Ndipo unapopitisha brashi yenye maji ya magadi, kijiko kimoja cha chai kwa glasi: manjano yaliyobaki yanageuka wekundu wa matofali, na mishipa ya jani inajitokeza. Yanayoharibu ni matatu. Jani bichi hutoa mvuke unaofanya ukungu chini ya kioo, kwa hiyo lilazwe kitabuni siku moja kabla. Mtu anainua kioo kuchungulia, jani linasogea, picha inapata kivuli cha pili. Na picha haidumu ikibandikwa ukutani, kwa sababu jua lililoitengeneza bado linaendelea na kazi; itunzwe ndani ya bahasha.

Shule zenye maabara ya kemia zinaweza kwenda hatua moja mbele, picha za buluu kwa njia aliyoibuni John Herschel mwaka 1842. Gramu 25 za amonia-feri sitreti katika mililita 100 za maji, na pembeni gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine. Ya pili maabara nyingi wanayo tayari, hutumika kupimia madini ya chuma; ya kwanza ndiyo ya kuagiza. Vichanganywe nusu kwa nusu siku ya kazi tu, gizani kiasi, mililita 2 kwa nusu ya karatasi ya A4, maana yake mililita 80 zinatosha darasa la 40. Juani dakika 5 hadi 15, kisha isuuzwe mpaka maji yasitoke tena na umanjano. Maji ya kisima yenye magadi hufifisha buluu. Matone ya ndimu kwenye ndoo ya kwanza yanasaidia. Asidi kali za maabara zikae mbali kabisa na dawa hii, wala isichemshwe, na mtaalamu wa maabara awepo.

Baada ya hayo, vifaa vya kidijitali. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na hatuombi katazo hilo liondolewe. Tunaomba waraka useme wazi kwamba simu au kamera iliyo mali ya shule, isiyo na laini, inayotunzwa kabatini na kusainiwa kwenye daftari kila inapotoka, ni kifaa cha kufundishia kama hadubini ya maabara. Bila sentensi hiyo mwalimu mmoja anafundisha na mwingine, kwa kifaa kile kile, anaitwa ofisini kujieleza.

Simu nane zinatosha wanafunzi 40 kwa makundi ya watano, na mbili za akiba. Kabla ya kununua ikaguliwe kama kamera yake ina modi inayomruhusu mtumiaji kuweka mwenyewe ISO (kiasi kamera inavyohisi mwanga) na kasi ya shata (muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia, kwa sehemu ya sekunde). Simu nyingi za bei ya chini hazina, na bila hiyo mwanafunzi anabonyeza tu. Zoezi la kwanza ni barabara mbele ya geti, mwanga ukiwa hafifu: ISO isibadilike, bajaji ipite, picha moja kwa kasi ya 1/30, nyingine 1/125, nyingine 1/500. Ya kwanza bajaji imevutika na kukosa kingo, ya mwisho inaonekana imesimama lakini picha imekuwa na giza, na hapo ndipo swali la ISO linakuja lenyewe. Tundu la lenzi la simu nyingi halibadiliki. Kwa hilo iwepo kamera moja ya lenzi kwa shule nzima, hata iliyotumika, na kile chumba cheusi. Kukuza picha kwa vidole kusiruhusiwe, ni kukata picha na kuivuta. Mtu asogee kwa miguu. Na kabla ya kila kipindi lenzi ifutwe kwa kitambaa laini cha pamba: ukungu mweupe unaoharibu picha nyingi za wanafunzi ni mafuta ya vidole, wala kamera haina ubovu.

Kuna kosa moja tungependa kila mtaala ulitaje kwa jina, kwa sababu linahusu nyuso zetu. Kamera haijui kama iko mbele ya mtu au ukuta. Inapima mwanga wote inaoupata na kuusogeza kuelekea kijivu cha wastani. Mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi, shati jeupe la sare, amesimama saa sita mchana mbele ya ukuta uliopakwa chokaa: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unatoka kama kivuli chenye meno. Kisha mtu anasema ni kwa sababu ni mweusi. Hapana. Mtoe juani, muweke barazani au chini ya mwembe, uso uelekee upande ulio wazi wa anga. Mwenzake ashike manila nyeupe usawa wa kifua, kama nusu mita kutoka kwake, mwanga urudi chini ya kidevu na machoni. Gusa uso kwenye kioo cha simu ili upimwe wenyewe, ongeza mwanga +0.7 hadi +1. Shati linaweza kupoteza mikunjo yake kidogo, acha lipoteze. Chukua picha mbili, ya kabla na ya baada, zichapwe zikae ukutani.

Kwa sababu hiyo hiyo kipindi cha picha za nje kisipangwe kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, isipokuwa pawepo kivuli cha kufanyia kazi. Jua la utosini huchimba mashimo meusi machoni.

Utunzaji wa mafaili usiachwe kwa bahati. Picha 30 kwa wanafunzi 40, kila moja MB 4, ni GB 4.8 kwa wiki moja. Ndani ya wiki kumi na tatu kadi ya GB 64 imekaribia kujaa, na mtu atafuta asichotakiwa kufuta. Kila mwanafunzi achague picha tatu, aandike sababu, nyingine zifutwe baada ya mwalimu kuziona, isipokuwa za mradi wa upimaji tutakaoueleza hapa chini. Zilizobaki zinakiliwe kwenye diski mbili zinazokaa vyumba viwili tofauti. Picha zisipitishwe WhatsApp kama picha za kawaida, zinabanwa na kupoteza taarifa za tarehe na kifaa. Zitumwe kama dokumenti au kwa waya. Kwa kuchapa sentimita 10 kwa 15, upana wa pikseli 1,800 na kimo cha 1,200 vinatosha, hivyo simu ya kawaida inazidi mahitaji. Programu za bure za kuhariri picha kama GIMP zinafanya kila kitu ambacho kidato cha nne anahitaji.

Kutoka nje ya geti na kamera kuna adabu yake na sheria yake. Wanafunzi wabebe barua ya utambulisho ya mkuu wa shule, nakala kwa mtendaji wa mtaa. Wasielekeze kamera kambini, kituo cha polisi, darajani wala uwanja wa ndege. Sokoni waombe kwanza, wapige baadaye, na anayekataa aachwe kwa shukrani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu na sura ya mtu, hasa ya mtoto: ridhaa ya mzazi au mlezi iandikwe kabla picha haijawekwa mtandaoni. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimsahau mwanafunzi. Picha aliyoipiga ni kazi yake. Shule ikitaka kuiweka kwenye kalenda, imuombe na iandike jina lake.

Kuhusu historia ya sanaa tutasema machache, maana walimu wanaijua. Ianzie nyumbani: michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ambayo rangi yake ni ndugu wa ule udongo wa kwenye ndoo. Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere na shule ya sanaa ya Slade, London. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao za dari, akafariki mwaka 1972, na miaka hiyo minne ikatosha kuacha mtindo unaobeba jina lake. Kwa picha, Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Hakuna jina hata moja hapo linalohitaji mwanafunzi apande ndege.

Walimu ni wachache, hilo halijifichi. Chuo cha ualimu cha Butimba, chuo cha sanaa cha Bagamoyo na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haviwezi kujaza kila shule kwa mwaka mmoja. Waraka uruhusu fundi mwenye ujuzi kufundisha mada yake kwa wiki tatu au nne chini ya mwalimu wa shule, kwa posho inayojulikana: mpiga picha wa studio ya mjini, mchoraji wa Tingatinga, mchonga vinyago. Mwalimu anashika mpango wa somo na upimaji, fundi anashika mkono wa mwanafunzi. Na mwalimu asilazimishwe kujifanya anajua kusafisha filamu ilhali hajawahi kuishika.

La mwisho ni upimaji, na hapa ndipo tunaposisitiza kuliko popote. Kazi moja ya mwisho ni rahisi kununua. Kinyago kinanunuliwa, mchoro unachorwa na kaka wa mtaani, picha inapakuliwa mtandaoni, na siku hizi kompyuta inaitunga kwa sekunde. Kinachoshindikana kununua ni njia iliyofika hapo. Tunapendekeza jalada: michoro ya awali isiyopungua mitatu, majaribio ya rangi, kazi moja iliyoharibika na maelezo ya nini kiliiharibu, halafu kazi ya mwisho. Kila karatasi igongwe muhuri wa tarehe na mwalimu siku ileile. Kwa picha, fremu kumi zilizofuatana kabla na baada ya ile iliyochaguliwa, zikiwa na mafaili yake halisi. Mtu aliyepakua picha moja hana zile kumi za kando yake. Katika alama 100, tungetoa 20 kwa uchunguzi wa kitu chenyewe, 25 kwa majaribio, 25 kwa ufundi, 20 kwa kazi ya mwisho na 10 kwa maelezo ya maandishi. Wasahihishaji wawe wawili bila kuonana. Wakitofautiana zaidi ya alama 10, aitwe wa tatu.

Vyungu na vinyago visisafirishwe kwenda kusahihishwa, vinavunjika njiani. Vipigwe picha shuleni na wanafunzi wenyewe wa upigaji picha: kivulini, karatasi isiyo na rangi nyuma yake, kutoka pande tatu, rula ikiwa pembeni. Michoro ya rangi ya mafuta isipigwe na flashi; kamera isimame sambamba na mchoro na mwanga uje kutoka pande zote mbili kwa nyuzi 45, la sivyo msahihishaji atapata mng'ao badala ya rangi.

Ratiba za Januari hupangwa Desemba, na mwalimu wa taaluma akishazichapa huwa hazifunguliwi tena. Waraka wa vipindi viwili mfululizo na wa vifaa vya kabatini ukifika shuleni kabla ya hapo, penseli, hadibodi na nailoni nyeusi vinaweza kununuliwa wiki ya kwanza ya muhula. Ukifika Februari, tutaonana mwaka unaofuata.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Walimu wa sanaa na wapiga picha wanaofundisha sekondari